Nicolas Cage: mnaomcheka mmeangalia vipande, njooni tumwangalie mzima

Mzee wa Deki

Wakuu, salaam kwenu. Ikiwekwa orodha ya waigizaji wabovu wa Hollywood, jina la Nicolas Cage halikosi. Ikiwekwa orodha ya waigizaji wakubwa, halikosi pia. Sijaona mwigizaji mwingine anayegawa watu kiasi hiki. Vijana wengi wanamjua kwa stika za WhatsApp, ile sura iliyotoa macho na kile kipande cha nyuki. Ukimwambia kijana wa namna hiyo kwamba huyu bwana ana Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, anaona unamtania.

Nimekuja kumtetea, na nitamtetea kwa kazi zake. Ninachosema ni kwamba Cage anapozidisha, anazidisha kwa makusudi, kwa mtindo wenye asili na historia yake. Na sisi tuliomjulia kwenye vibanda umiza tulikaa mahali pazuri pa kumwelewa kuliko wahakiki wengi wa magazeti ya kwao.

Kwa wasiomjua: amezaliwa 7 Januari 1964, Long Beach, California, akiitwa Nicolas Kim Coppola. Ni Coppola wale wale. Francis Ford Coppola aliyeongoza The Godfather ni baba yake mdogo. Baba yake mzazi, August, alikuwa profesa wa fasihi, mama yake Joy alikuwa mcheza dansi. Kwenye Fast Times at Ridgemont High ya 1982 jina lake bado linasomeka Coppola. Alichoka na minong'ono ya kubebwa na ukoo, mwaka uliofuata akatokea kwenye Valley Girl akiwa Cage. Jina hilo alilichukua kwa watu wawili: Luke Cage, shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel ambaye risasi hazimpenyi, na John Cage, mtunzi wa muziki aliyeandika kipande ambacho wapigaji wanakaa na vyombo vyao dakika nne na nusu bila kupiga hata noti moja. Makelele ya katuni na ukimya wa huyo mtunzi, vyote mtavikuta kwa mtu mmoja.

Sasa asili ya mtindo wenyewe. Baba yake alikuwa akimwonyesha tangu mtoto filamu za kimya za Kijerumani: The Cabinet of Dr. Caligari ya 1920, Nosferatu ya 1922 inayohusu mnyonya damu, Metropolis ya 1927. Kwenye filamu hizo mwigizaji hana sauti. Hofu yake lazima uione mabegani, tamaa uione vidoleni, wazimu uuone machoni. Cage alivikusanya vitu hivyo akaja navyo kwenye sinema za rangi na sauti za miaka ya 80, wakati ambapo Marekani nzima ilikuwa inasifia uigizaji wa chini chini, wa kunong'ona na kutazama sakafu. Kwenye Moonstruck ya 1987 anacheza mwoka mikate aliyepoteza kiganja, ana mkono wa mbao. Mtazameni anavyouinua ule mkono anapomlalamikia mwigizaji mwenzake Cher pale kwenye tanuri. Mwenyewe amesema aliutoa kwa yule mvumbuzi wa Metropolis. Mtu anaona jamaa anapaza sauti tu, kumbe kuna sinema ya miaka sitini nyuma imesimama pale jikoni.

Nirudi kibandani. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. TV ndogo imefungiwa kwenye boksi la nondo, spika imepasuka, watu wamebanana kwenye mabenchi, na Kiingereza hatukijui. Zilikuwa enzi za muvi za kutafsiriwa, enzi za mtafsiri Lufufu, sauti ya mtafsiri inapita juu ya sauti ya waigizaji wote, mwanamke na mwanaume, steringi na adui. Na kama kanda haijatafsiriwa, basi kuna kaka mmoja mbele anawaelezea wenzake. Ina maana maneno ya Cage hatukuyasikia. Kilichotufikia ni uso, mabega, mwendo, jinsi anavyogeuka. Tulimwangalia karibu kama filamu ya kimya. Na tulimwelewa!

Chukueni Face/Off ya John Woo, 1997. Mwanzoni Cage ni Castor Troy, gaidi. Anashuka kwenye gari uwanja wa ndege koti linapepea, bastola mbili za dhahabu zinamsubiri. Amevaa kanzu ya padri anaruka ruka mbele ya kwaya, kichwa amekirudisha nyuma, mdomo wazi. Halafu nyuso zinabadilishwa, na kuanzia hapo Cage ni Sean Archer, askari wa FBI aliyefungiwa ndani ya sura ya mtu aliyemuua mwanawe. Kuna tukio gerezani, wakati wa chakula. Lazima apigane, maana wafungwa wakishtuka kwamba siye Troy wanamla. Anampiga mtu, anapaza sauti kwamba yeye ndiye Castor Troy, kamera inamsogelea, mdomo unacheka na macho yanalia kwa wakati mmoja. Mdomo ni wa Troy. Macho ni ya Archer. Banda zima lilikuwa linajua ni nani yumo ndani ya nani, na hakuna aliyeelezwa kwa maneno. Mwigizaji wa kunong'ona angeifanyaje kazi ile?

Povu ruksa. Nipo hapa.

Nyundo

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nakupinga. Kazi ya mwigizaji ni kunisahaulisha kwamba anaigiza. Denzel akicheza Malcolm X sioni Denzel. Daniel Day-Lewis akicheza, simwoni kabisa. Cage hata acheze nani namwona Cage anacheza Cage. Na hilo la Castor Troy ni 1997. Baada ya hapo? Kuanzia kama 2010 mpaka 2017 kila ukifungua rafu ya DVD za mia tano mia tano kuna sura yake, na nyingi ni takataka. Sean Penn mwenyewe, mwigizaji mwenzake, alishasema hadharani miaka ya 90 mwishoni kwamba Cage ameacha kuwa mwigizaji amekuwa mtumbuizaji. Tusiite umaarufu kipaji.

Mama Wawili

Nyundo, kabla hujafika mbali, umeiona Leaving Las Vegas?

Mimi si mtu wa muvi sana. Hii niliiangalia kwa sababu ya mjomba wangu, Mungu amrehemu, pombe ilimmaliza tukimwona. Nilikuwa nimechoka na walevi wa kwenye filamu wanaoyumba na kuchekesha watu. Kuna tukio la benki. Cage anakwenda asubuhi kuchukua fedha kwa hundi, dada wa dirishani anamwambia aweke sahihi mbele yake. Mkono unatetemeka. Anajaribu kuzungumza, anajaribu kutabasamu, jasho linamtoka, kalamu haitii. Anaondoka. Anakwenda baa. Anarudi amekunywa, mkono umetulia kabisa, anatia sahihi, ana maneno matamu, ni mtu mzima wa heshima zake.

Hicho ndicho tulichokuwa tunakiona nyumbani. Watu wa nje walikuwa wakimwona mjomba akiwa na pombe kichwani wanasema mbona mzima tu, mcheshi. Hawakumwona saa moja asubuhi. Yule aliyekuwa anatetemeka ndiye aliyekuwa hajanywa. Sijawahi kuona mwigizaji mwingine akilielewa hilo. Sikumwona Cage pale, nilimwona mjomba.

Mzee wa Deki

Mama Wawili, pole sana, na asante kwa kuliandika.

Niongezee kuhusu hiyo muvi. Ni ya 1995, mwongozaji Mike Figgis, bajeti ndogo mno, imepigwa kwa filamu ya milimita 16 iliyokuwa ikitumika zaidi kwa kazi za televisheni na za kujitegemea. Riwaya yake iliandikwa na John O'Brien, ambaye alijiua 1994, muda mfupi baada ya kuarifiwa kwamba kitabu chake kinafanywa filamu. Cage aliifanya kwa malipo madogo kuliko aliyokuwa amezoea, na Machi 1996 ikampa Oscar.

Na sasa angalieni alichofanya na Oscar yake. Mwigizaji wa kawaida akishapewa ile sanamu anatafuta tamthiliya nzito za wafalme na wagonjwa. Huyu Juni 1996 katoka na The Rock, Juni 1997 katoka na Con Air na Face/Off ndani ya mwezi mmoja. Hollywood ikaduwaa. Steringi wa mapigano wa wakati ule walikuwa watu wa misuli, Schwarzenegger na Stallone, sentensi fupi na risasi nyingi. Cage akaleta steringi mwenye woga. Kwenye The Rock ni mkemia wa FBI anayependa santuri za Beatles, anatetemeka na kile kidude cha gesi ya sumu mkononi, na kutukana anaogopa. Kwenye Con Air ni mwanajeshi mwenye nywele ndefu anayepigana na ndege nzima ya wahalifu huku akili yake iko kwa sungura wa kitambaa aliyemnunulia binti yake. Mtoto wa kibandani alimpenda kwa hilo. Steringi wa misuli hujui kama ana mtu anayemsubiri nyumbani.

Nyundo, hoja yako ya kusahau kwamba mtu anaigiza ni hoja halali, lakini hiyo ni shule moja ya uigizaji. Kuna shule nyingine nyingi duniani ambako mtazamaji anajua muda wote kwamba yule ni mwigizaji, na raha inatoka hapo hapo. Wajapani wana kabuki, uso umepakwa rangi, mwigizaji anasimama katikati ya tukio, anakaza macho, ukumbi unashangilia. Cage mwenyewe kaitaja kabuki mara nyingi anapoeleza anachokifanya. Sisi hapa mchekeshaji King Majuto hakuwahi kumsahaulisha mtu kwamba yeye ni King Majuto. Akiingia tu na ule mwendo, watu wameshaanza. Kuna aliyesema hajui kuigiza?

Na kwa kuwa umemleta Sean Penn, mimi namleta mwigizaji Ethan Hawke, ambaye 2013 alisema Cage ndiye mwigizaji pekee tangu Marlon Brando aliyefanya jambo jipya kwenye sanaa hii. Na David Lynch aliyemwongoza kwenye Wild at Heart, iliyochukua tuzo kuu ya Cannes 1990, alimfananisha na mpiga jazi. Ukiona watu wa fani moja wanavutana hivi juu ya mwenzao, ujue kuna kitu anakifanya.

Suala la takataka nalijibu chini, linahitaji nafasi yake.

Bint Likoni

Wapwani tupo. Mnajua kwamba Cage alifika Mombasa? Novemba 2009 alitembelea gereza la Shimo la Tewa, wakati ule lilipokuwa limewekwa washukiwa wa uharamia wa Kisomali waliokamatwa baharini na manowari za kigeni na kuletwa kushtakiwa Kenya. Alikuja kwa upande wa ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, ambayo mwaka huo huo ilimfanya balozi wake mwema. Akafika pia Uganda kaskazini kuonana na waliokuwa watoto wanajeshi. Kabla ya hapo, 2006, alitoa dola milioni 2 kwa Amnesty International kwa ajili ya watoto wa namna hiyo.

Sisemi haya yanamfanya mwigizaji bora. Nasema nilipoirudia Lord of War, ile anayocheza muuza silaha, baada ya kuyajua niliiona kwa jicho jingine.

Mwana wa Kivu

Bint Likoni umenigusa. Lord of War kwetu Kivu si muvi ya kustarehe.

Ule mwanzo wake. Kamera imekaa juu ya risasi. Risasi inatengenezwa kiwandani, inatiwa kwenye sanduku, inasafiri, inashushwa bandarini Afrika, inaingia kwenye bunduki, inatoka, na inaishia kwenye paji la uso la mtoto. Wimbo unapigwa muda wote. Dakika chache tu. Sisi risasi tunaziona zikishafika. Ile filamu ilituonyesha zinakotoka.

Wanasema yule Yuri Orlov, muuza silaha anayechezwa na Cage, ametokana na wafanyabiashara wa silaha kadhaa, mmoja wao Viktor Bout, na ndege za Bout zimetajwa kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu vita vya Kongo. Bout alikamatwa Bangkok 2008, akahukumiwa Marekani, akaachiwa Desemba 2022 kwa kubadilishana na yule mchezaji wa kikapu, Brittney Griner. Muvi ya 2005, na mwisho wake unasema hivyo hivyo, kwamba mtu huyu atatoka kwa sababu wakubwa wanamhitaji.

Kuhusu Cage mwenyewe: pale hapazi sauti. Anauza bunduki kwa sauti ya mtu anayeuza bima. Hilo ndilo lililonikera, na ndilo lililo kweli. Nyundo, hapo pia unamwona Cage anacheza Cage?

Nyundo

Lord of War naikubali, sijawahi kuikataa. Leaving Las Vegas nitaitafuta kwa heshima ya Mama Wawili. Lakini mzee wa deki bado hujajibu. Hebu nieleze The Wicker Man. Nyuki. Mtu mzima amevaa kichwa cha wavu anapiga mayowe kuhusu nyuki. Na ile Left Behind ya 2014. Nisipangiwe, ule ni ubovu.

Mzee wa Deki

Left Behind siitetei, mkuu. Muvi mbovu ipo na nyingine zipo. Mtu aliyecheza muvi zaidi ya mia hawezi kuwa na mia nzuri.

Ila The Wicker Man ya 2006 inaonyesha vizuri ninacholalamikia. Kile kipande cha nyuki hakikuwemo kwenye toleo lililoonyeshwa kwenye kumbi za sinema. Kiliwekwa kwenye toleo la DVD. Mtu akakikata, akakipandisha YouTube, na dunia nzima ikamjua Cage kwa sekunde ambazo aliyelipa tiketi hakuziona. Na ile stika yako ya macho imetoka Vampire's Kiss, muvi ya mwishoni mwa miaka ya 80 ambayo Marekani haikuingiza hata dola milioni 1. Wanaoicheka stika hawajaiona.

Vampire's Kiss ndiyo naiomba nafasi, maana hapo ndipo mtindo wake wote ulipozaliwa. Cage ni wakala wa vitabu New York, kijana wa suti, mpweke, anaanza kuamini kwamba ameng'atwa na mnyonya damu. Hajang'atwa. Amechanganyikiwa, na katika kuchanganyikiwa kwake anamtesa katibu muhtasi wake kwa faili moja lililopotea. Kuna tukio yuko kwa daktari wa akili. Ana hasira na huyo aliyeliweka faili mahali pasipo pake, anauliza ugumu wa kupanga mafaili kwa alfabeti uko wapi. Anaanza kuitaja alfabeti yote, A mpaka Z, sauti inapanda herufi kwa herufi, mikono inachora hewani, mwisho amesimama juu kabisa kama mtoto aliyeshinda shindano. Ukikitazama peke yake unacheka. Ukikitazama ndani ya filamu unaona bosi anayetumia akili yake yote, elimu yake yote, kumponda dada mmoja mnyonge. Mambo yale Cage aliyapanga na kuyafanyia mazoezi, kila mkono na kila jicho. Baadaye yule kijana anatembea barabarani mabega juu, shingo mbele, vidole vimekunjika, yaani Nosferatu mzima mzima katikati ya New York. Na mende anayemla kwenye muvi hiyo ni mende wa kweli.

Hiki kitu alikaa nacho maisha yake yote. Mwaka 2000 kampuni yake, Saturn Films, ilitengeneza Shadow of the Vampire, filamu inayobuni jinsi Nosferatu ilivyopigwa, na Willem Dafoe akapata uteuzi wa Oscar kwa hiyo. Mwaka 2023 hatimaye akamcheza Dracula mwenyewe kwenye Renfield. Mnaona mstari? Hatujakaa na mtu anayebahatisha.

Sasa miaka ya takataka. 2009 mamlaka ya kodi ya Marekani ilikuwa inamdai zaidi ya dola milioni 6. Alikuwa ametumia sana, si utani: majumba, ngome Ujerumani na nyingine Uingereza, na fuvu la dinosaria alilolinunua mnadani 2007 kwa dola 276,000, likaja kubainika kwamba lilitoroshwa kutoka Mongolia na akakubali kulirudisha. Soko la nyumba likaanguka, madeni yakamkaba, na mama yake alikuwa mgonjwa akihitaji gharama kubwa za matunzo kila mwezi. Kufilisika kisheria kulikuwepo, wengi wamefanya. Yeye akachagua kufanya kazi. Muvi tatu, nne kwa mwaka, akalipa deni lote mpaka likaisha. Amesema kwenye mahojiano kwamba hata katika hizo hakuwahi kwenda kazini kupoteza muda, na mimi niliyeziangalia namwamini. Utakuta muvi hovyo, taa hovyo, waigizaji wenzake wanasoma tu, na yeye peke yake katikati anatoka jasho.

Na katikati ya miaka hiyo kuna vito. Bad Lieutenant ya Werner Herzog, 2009, askari mwenye mgongo mbovu na unga puani, bega moja juu, bastola imechomekwa mbele ya suruali, New Orleans baada ya kimbunga Katrina. Joe ya 2013, mzee wa kazi za msituni anayemlea kijana asiye wake. Mandy ya 2018, ambapo amepoteza mpenzi wake kwa namna mbaya sana, anaingia bafuni na chupi na fulana yenye picha ya chui milia, ana chupa ya pombe kali, anakunywa, anajimwagia kwenye vidonda, analia, anapiga ukelele, anakunywa tena. Kamera iko palepale, haimwonei aibu. Mwanaume anayelia msibani kwetu anatolewa nje na wajomba. Cage hakutolewa, na yeye hakujizuia.

Dogo wa Sinza

Wakubwa shikamooni. Mimi nimezaliwa 2004, nimemjulia Cage kwenye Longlegs ya mwaka 2024, ile ya kutisha. Sura hata sikumtambua, nikaambiwa ni yeye baada ya muvi kuisha. Nianzie wapi kwa zile za zamani? Na hiyo Pig naiona inatajwa sana mitandaoni, inahusu nini?

Mzee wa Deki

Marahaba dogo. Kwa Longlegs umeanza na moja ya kazi zake zilizofanya vizuri sana sokoni, bajeti haikufika dola milioni 10 na ikaingiza zaidi ya milioni 100 dunia nzima. Ile sauti nyembamba amesema aliitoa kwenye kumbukumbu za mama yake.

Anza na Face/Off, uone ninachokisema. Kisha Raising Arizona ya 1987 ucheke. Kisha Adaptation ya 2002, ambayo anacheza mapacha wawili, mmoja mwandishi mwenye mashaka na nafsi yake na mwingine asiye na mashaka na chochote, na utawatofautisha kwa kukaa kwao kitini tu, kabla hata hawajafungua mdomo. Aliteuliwa Oscar kwa hiyo. Vampire's Kiss iache kwanza mpaka umzoee.

Pig ni ya 2021, mwongozaji Michael Sarnoski, ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Cage ni Rob, mzee anayeishi msituni Oregon na nguruwe anayemsaidia kutafuta uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi. Watu wanakuja usiku, wanampiga, wanamwiba nguruwe. Ukisikia hivyo unasema haya, sasa ataua mtaa mzima. Hampigi mtu hata mmoja.

Kuna tukio la mgahawa, naomba nilieleze kwa utulivu. Rob zamani alikuwa mpishi mkubwa Portland. Anaingia kwenye mgahawa wa kifahari, damu imekauka usoni, nguo zile zile za msituni, anaomba kuonana na mpishi. Mpishi anakuja, amevaa nyeupe, anatabasamu. Rob anamkumbuka: alikuwa mfanyakazi wake, akamfukuza kwa kupikisha tambi kupita kiasi. Anamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, ile ndoto uliyokuwa unaniambia, ya kufungua baa yako ndogo yenye chakula cha kawaida, imeishia wapi? Yule bwana anacheka kidogo. Anasema hakuna anayetaka vitu hivyo mjini. Rob anaendelea, polepole, kwamba hawa wateja si wa kweli, wahakiki si wa kweli, na yeye mwenyewe mpishi anajipotezea kwa watu ambao hata hawamjui. Ukiangalia uso wa yule mpishi, lile tabasamu linakaa palepale huku nyuma yake kila kitu kinabomoka. Cage hajanyanyua hata kidole. Hajapepesa. Amekaa tu anamtazama kwa huruma.

Hapo ndipo nilipowaambia watu nyumbani: yule yule. Mtu anayejua kupanda mpaka juu ya paa kwa sauti ndiye anayejua kukaa chini namna hii, maana vyote viwili vinahitaji mwigizaji asiyejali ataonekanaje. Waliosifia Pig wakasema Cage hatimaye ameacha mbwembwe. Mimi nasema ni mwili ule ule uliofundishwa na filamu za kimya. Hapa ameutuliza tu.

Mama Wawili

Nimeiona Pig jana baada ya kusoma uzi. Lile swali la ndoto imeishia wapi, sikulala vizuri. Mimi nilitaka kuwa mshonaji, nina cheti cha uhasibu.

Bint Likoni

Dada, cherehani hazijaisha Kariakoo.

Nyundo

Nimeangalia mbili, Leaving Las Vegas na Pig. Nakubali bila kona: huyu mtu anajua. Ila msimamo wangu uko palepale kuhusu wingi. Mwigizaji anapokubali kila kitu anatupa sisi kazi ya kuchambua, na si kila mtu ana muda wa kuchambua muvi mia atafute kumi. Na Ghost Rider siwezi. Siwezi kabisa. Fuvu la kompyuta linawaka moto juu ya pikipiki, hapo uigizaji uko wapi?

Mzee wa Deki

Nakuelewa kwenye wingi, mkuu, ndiyo sababu ya uzi huu: tuchambuliane.

Ghost Rider ya kwanza ya 2007 sikulazimishi. Ile ya pili, Spirit of Vengeance, kama muvi ni dhaifu, hilo nakupa. Lakini kwa kuwa umeuliza uigizaji uko wapi: ya kwanza, akishageuka fuvu, mwili ulikuwa wa mtu mwingine. Ya pili akasema mwili utakuwa wake. Na alijua fika kwamba kichwa chake kitafutwa na kompyuta, hakuna mtazamaji atakayeona uso. Hata hivyo kila siku ya kupiga tukio hilo alijipaka rangi nyeusi na nyeupe sura iwe fuvu, akavaa lenzi nyeusi machoni, akashonea vitu vya kale vya Misri kwenye koti, na akiwa hivyo hakuzungumza na wenzake, ili wakimtazama waogope kweli. Mwendo wa kichwa aliuiga kwa nyoka swila.

Itafute, ruka hadithi, nenda kwenye matukio ya usiku tu. Tazama shingo inavyoyumba kabla hajamshika mtu. Halafu njoo utuambie umeona nini.